Wakati wa korona, kilichotuondolea upweke ni mbwa au ni yale matembezi?

#1 KijanaWaKilwa

Habarini wadau.

Kuna swali linanisumbua tangu 2020, nalileta hapa mnisaidie kulichambua.

Korona inaingia nilikuwa Leicester, Uingereza. Nimepanga chumba cha juu kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane. Machi 23 Boris Johnson akatangaza kila mtu akae ndani: unatoka kununua chakula, kufuata dawa, kwenda kazi isiyofanyika nyumbani, na kufanya mazoezi mara moja kwa siku. Kazi yangu ikasimama. Miji mingine ilipoanza kufunguliwa, sisi Leicester tukaongezewa kifungo, Juni 29, tukawa mji wa kwanza kule kufungiwa peke yake. Kuna siku sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya simu.

Yule bibi alikuwa na mbwa jike, na magoti ya bibi mwenyewe hayamruhusu kutembea. Akaniomba nimtembezee. Mimi nimekulia Kilwa, kwetu mbwa unampitia mbali. Nikakubali kwa sababu huwezi kumkatalia mtu mzima.

Sasa sikilizeni. Njia ile ile na bustani ile ile nilikuwa nazipita peke yangu kila siku na hakuna aliyenitazama usoni. Nilipoanza kupita na mbwa, watu wakawa wanasimama ng'ambo ya njia, mita mbili kama sheria ilivyotaka, wanauliza anaitwa nani, ana umri gani. Baadaye wakauliza na mimi naitwa nani. Mzee mmoja wa Kihindi tukawa tunangojana kila asubuhi.

Hoja yangu: si mbwa aliyeniondolea upweke. Ni kule kutoka na kusalimiwa. Mbwa hakuwa wangu. Usiku alilala chini kwa mwenyewe, mimi niko juu peke yangu, na bado moyo ulikuwa umetulia. Anayepinga aje na hoja.

#2 Chapati_Moto

Mtu wa Kilwa na mbwa! Nyumbani wanajua?

#3 KijanaWaKilwa

Mama anajua. Alichouliza ni kama nilikuwa nanawa mikono.

#4 AfisaMifugo_Iringa

Mkuu, hoja nzuri ila umemnyima mbwa haki yake. Nafanya kazi na wanyama, nitasema ninachokijua.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walichapisha utafiti kwenye jarida la Science. Waliwaweka watu na mbwa wao chumbani na kupima homoni ya oksitosini, ile inayohusika pia na mapenzi ya mama na mtoto wake. Mbwa waliotazamana na wenye nao kwa muda mrefu, homoni hiyo ilipanda kwa mbwa na ikapanda kwa binadamu. Walipojaribu kwa mbwa mwitu waliolelewa na watu, haikuwa hivyo. Humo hamna bustani wala salamu wala mzee wa Kihindi. Ni macho kwa macho, basi.

Halafu kuna kugusa. Mtu aliyefungiwa peke yake anakosa kuguswa na kiumbe hai. Ukimpapasa mbwa shingoni, mwili unapokea kitu. Wewe ulikuwa ukimvalisha mkanda, ukimfuta matope. Huwezi kuyatoa hayo kwenye hesabu ukabakiza salamu tu.

#5 Nyambura_Ruiru

Salamu kutoka Kenya. Mimi nampinga wa #1 kwa kisa changu.

Kafyu kwetu ilianza Machi 27, 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 wakafunga na njia za kutoka eneo la Nairobi, na Ruiru tulikuwa ndani ya mpaka huo. Mama yangu yuko Nyeri. Sikuweza kumwona. Naishi nyumba ya chumba kimoja, ghorofa ya nne, kazi nafanyia kwa kompyuta mezani. Jirani aliyehamia kijijini kabla njia hazijafungwa aliniachia mbwa wake mdogo wa kienyeji. Kumtembeza barabarani sikuweza: mchana nina kazi, jioni kafyu, na polisi wa kafyu tuliwajua walivyokuwa wakitumia rungu. Nilimpeleka juu ya paa kwenye kamba za nguo, anajisaidia, tunarudi.

Hakuna aliyenisalimia kwa sababu yake. Caretaker alitaka hata kunitoza faini. Lakini yule mbwa alinifanya niamke. Ilikuwa lazima nipike, kwa sababu nikikosa kupika na yeye hali. Nilikuwa nikiongea kwa sauti ndani ya nyumba yangu tena. Kwa hivyo matembezi hayakuwepo na upweke ulipungua. Nielezeni hapo.

#6 KijanaWaKilwa

Dada Nyambura, asante, kisa chako ni kizito. Ila umesema kuamka, kupika, kupanda paa. Mimi nasikia ratiba. Je, ungeachiwa kuku ingekuwa tofauti?

#7 Nyambura_Ruiru

Kuku hakungoji mlangoni.

#8 Baba_Levina

Jambo ambalo wengi hawalioni ni ruhusa. Kila nchi iliyofunga watu iliruhusu mwenye mbwa atoke. Hispania, tangu hali ya dharura ya Machi 14, mtu mzima haruhusiwi kukimbia wala kutembea kujinyoosha mpaka Mei 2, lakini mwenye mbwa anashuka mtaani. Ndiyo maana watu wakaanza kuazimana mbwa, na kuna mmoja polisi walimkuta anatembeza mbwa wa kuchezea, wa manyoya ya dukani. Mwenye mbwa hakuwa na mwenzi tu, alikuwa na kibali. Jirani yake anamtazama dirishani. Ukimpima mpweke mwenye kibali na mpweke asiye nacho, unapima mbwa au unapima jela?

#9 Mtanzania_Jozi

Baba Levina, si kila nchi. Hapa Afrika Kusini tulifungwa Machi 27, na Waziri wa Polisi, Bheki Cele, akasema wazi hakuna kutembeza mbwa. Mwenye mbwa akamtembeze uani kwake. Hakuna kukimbia, hakuna pombe, hakuna sigara. Mei 1 ndipo tukaruhusiwa mazoezi, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, usivuke kilomita tano kutoka nyumbani. Kwa zaidi ya mwezi mmoja mbwa wa Johannesburg walizunguka ndani ya ukuta pamoja na wenye nao.

Na hiyo inafaa kwenye swali la uzi. Mwenye nyumba wangu alikuwa na mbwa wawili na ua mkubwa, mimi nina chumba cha nyuma. Aprili nzima niliwaona. Yule mtu hakuwa na unafuu wowote. Alikuwa akiwapigia kelele. Mei 1 alfajiri alitoka nao, akarudi akanigongea mlango kunisalimia, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Kura yangu naipeleka kwa matembezi.

#10 Baba_Levina

Shukrani kwa taarifa ya Jozi. Kibali basi kilitegemea nchi. Uganda nao Aprili 2020 Museveni alikataza watu kukimbia barabarani, kisha akatoa video anafanya mazoezi ofisini kwake, peku. Mzee alipiga pushapu mpaka vijana wakaona haya.

#11 Binti_Ngambo

Assalam alaykum. Naona watu wanazungumza kama mbwa ni jambo jepesi kwa kila mtu. Sisi Unguja wengi ni Shafii. Mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba na moja kwa udongo. Kufuga ndani ya nyumba kwa kujipumbaza hatufanyi. Kinachokubalika ni mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Kwa hiyo huyo mbwa wa kulala kitandani si dawa yetu, na upweke na sisi tunao.

Ila nisisikie mtu anasema Uislamu unamchukia mbwa. Watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao kizingitini, na Qurani imemtaja. Na hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa, tunaifundisha watoto chuoni. Marehemu babu yangu alikuwa na mbwa wa shamba huko Donge. Hakumgusa, hakumwingiza ndani. Lakini alimwekea chakula kwa mkono wake kila magharibi na alimsemesha. Baada ya bibi kufa, mazungumzo yake mengi tulikuwa tukiyasikia kule nyuma ya banda.

#12 AfisaMifugo_Iringa

Binti Ngambo, hapo umenipa hoja bila kutaka. Babu hakumpapasa, hakumtembeza, na bado alimsemesha.

#13 KijanaWaKilwa

Au babu alikuwa mtu wa kuzungumza na angezungumza hata na mikarafuu.

#14 Binti_Ngambo

Mikarafuu pia alizungumza nayo. Ila mbwa alimjibu kwa mkia.

#15 Mtakwimu_Mstaafu

Vijana, mnajenga ghorofa bila kupima kiwanja. Swali la kwanza: nani anamiliki mbwa?

Huko Uswidi, mwaka 2017, walitoa utafiti wa watu milioni 3.4 kutoka kwenye rejesta za taifa. Wanaoishi peke yao wakiwa na mbwa, hatari yao ya kufa katika kipindi kilichofuatiliwa ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko wanaoishi peke yao bila mbwa. Magazeti yakaandika mbwa anarefusha maisha. Lakini mtu mgonjwa sana hachukui mbwa. Mtu asiye na nafasi wala fedha hachukui mbwa. Mtu anayependa kutembea ndiye anayechukua mbwa. Watafiti wenyewe walilieleza hilo. Huwezi kujua mbwa amemfanya mtu awe mzima au uzima ndio uliomfanya achukue mbwa.

Upweke ni vilevile. Pengine mwenye mbwa tangu mwanzo ni mtu mwenye nyumba yake, ua wake, na jirani wa kumwachia funguo. Korona ikaja, ikamkuta hivyo.

#16 Mashimango_Melb

Salamu ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, naishi Melbourne. Hapa walitufunga kuliko karibu mahali pote duniani. Agosti 2, 2020 ikaanza kafyu ya saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na mazoezi saa moja tu kwa siku, ndani ya kilomita tano. Tukijumlisha vifungo vyote mpaka Oktoba 2021, siku 262.

Mzee Mtakwimu, hapa Australia kuna watafiti, mmoja wao wa Chuo Kikuu cha James Cook, waliuliza hasa watu wanaoishi peke yao wakati wa kufungwa. Wenye mbwa walikuwa na upweke mdogo kuliko wasio na mbwa. Wenye paka hawakuonyesha tofauti hiyo. Na wenye mbwa walieleza wenyewe kwamba mbwa aliwalazimisha kutoka kutembea, na huko ndiko walikopata mtu wa kusema naye. Kwa hiyo ndugu wa Kilwa ana msingi: paka ni mnyama, unampapasa, anakutazama, lakini hatembezwi.

#17 Paka_wa_Lamu

Nimeingia uzi huu kwa ajili ya ujumbe wa #16. Paka anahukumiwa bila wakili! Paka wangu alinikalia mapajani kafyu nzima.

Na kuna utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliouliza karibu watu 6,000 mwaka huo huo wa 2020. Wenye wanyama, upweke wao haukuongezeka sana kama wa wasio na wanyama, na ukaribu wa mtu na mnyama wake haukutofautiana kwa maana yoyote kati ya mbwa, paka, farasi na wengine. Kwa hiyo York wanampa paka cheti.

#18 Mtakwimu_Mstaafu

York hao hao waliandika kwamba tofauti ilikuwa ndogo, na kwamba waliokuwa na ukaribu mkubwa zaidi na mnyama ndio waliokuwa na hali dhaifu zaidi ya akili kabla ya kufungwa. Hapo mshale unaweza kuelekea kinyume: mpweke ndiye anayemshikilia mnyama kwa nguvu. Halafu karibu asilimia 90 ya waliojibu walikuwa na mnyama. Dodoso la namna hiyo linajazwa na wapenzi wa wanyama.

#19 Mlinzi_wa_Zamu

Nawasoma nikiwa kazini. Wazee wa utafiti, naomba niseme la kwangu.

Nalinda nyumba Masaki, zamu ya usiku, na mbwa wawili wa kampuni. Korona ilipokuja Tanzania hatukufungiwa ndani. Shule zilifungwa Machi 17, wageni wengi wakapanda ndege, mtaa ukabaki na walinzi. Bosi wangu aliondoka. Miezi ile nilikuwa mimi, mbwa na taa za geti. Mlinzi wa geti la pili tulikuwa tukipiga soga, ila naye aliondolewa.

Upweke wa mlinzi ni wa kila mwaka, haukuanza na korona. Watu wanakupita wanaona sare. Mnayosema ya kutembea, sisi tunatembea: kila saa nazunguka ukuta na mbwa. Hakuna tunayekutana naye. Lakini nikizunguka bila mbwa, kila kivuli kinanisumbua. Nikiwa naye, masikio yake yananiambia kuna kitu au hakuna. Hofu ikiondoka, upweke nao unapungua. Hilo la hofu hakuna aliyelitaja hapa.

#20 Dada_wa_Njiro

Mlinzi umegusa penyewe. Pole na kazi.

Mimi mwanamke naishi peke yangu Arusha. Kabla ya mbwa sikuwahi kutembea alfajiri. Najua mnajua kwa nini. Sasa nina mbwa mkubwa, chotara wa jemani shepadi, natoka kumi na mbili kasoro. Kwa wanaume swali ni mbwa au matembezi. Kwangu mimi bila mbwa matembezi hayapo. Huwezi kutenganisha.

#21 Tabata_Kisukuru

Nyie wa Leicester na Melbourne mnasema mbwa analeta salamu. Njooni Tabata. Mimi nina mbwa, nikitoka naye watu wanavuka barabara. Bodaboda wanakunja mguu. Kina mama wanainua watoto. Mangi wa duka aliniambia nimfunge mbali nikija kununua mkate. Nikitembea peke yangu nasalimiwa na watu mpaka nachelewa. Nikitembea na mbwa nafika haraka.

Kwa hiyo huku kwetu hesabu ya #1 inageuka. Mbwa mtaani anafukuza watu.

#22 AfisaMifugo_Iringa

Ni kweli, na watu wana sababu. Mbwa huku wamefundishwa kuwa wakali na wengi hawana chanjo. Kichaa cha mbwa kinaua watu wetu hadi leo, na dalili zikishaanza hakuna matibabu ya kukuokoa. Tena niseme kabisa: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usiweke pilipili, usiweke sumu ya betri. Na mwenye mbwa, chanjo ni kila mwaka. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi tunachanja bure. Muulize afisa mifugo wa kata yako.

#23 Chapati_Moto

Betri ya gari kabisa? Kuna watu wanaweka?

#24 AfisaMifugo_Iringa

Nimewaona kwa macho yangu.

#25 Mashimango_Melb

Ndugu wa Tabata, hata Ulaya inategemea mbwa gani. Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, mtafiti Deborah Wells aliwahi kumtuma mtu mmoja apite mahali pamoja kwa nyakati tofauti: mara peke yake, mara na mtoto wa labrado, mara na labrado mkubwa, mara na rotwaila, mara na dubu wa kuchezea, mara na mmea. Ilichapishwa 2004. Mwenye labrado alichekewa na kusemeshwa sana. Mwenye rotwaila watu walimpuuza zaidi. Dubu na mmea vilivuta macho, lakini tabasamu na mazungumzo machache. Kwa hiyo jibu la Leicester na jibu la Tabata yanaweza kuwa yote kweli.

#26 KijanaWaKilwa

Hiyo ya Belfast naipenda, maana mtu ni yule yule. Mzee Mtakwimu hawezi kusema waliochaguliwa walikuwa wachangamfu tangu kwao. Na mimi kisa changu kiko hivyo hivyo: mtu mmoja, njia moja, kabla ya mbwa na baada ya mbwa.

#27 Mtakwimu_Mstaafu

Belfast walipima nani anasemeshwa. Hawakupima nani anarudi nyumbani akiwa hana upweke. Na kisa chako, kijana wangu, Aprili kule jua linatoka, watu wanaizoea hali, wanaanza kusalimiana. Ulipima mbwa na majira kwa pamoja.

#28 KijanaWaKilwa

Shikamoo mzee. Majira nayakubali kama hoja. Lakini siku ambazo bibi alimpeleka mbwa kwa daktari nikapita peke yangu, ilikuwa majira yale yale na hakuna aliyesimama.

#29 Mtakwimu_Mstaafu

Marahaba. Hiyo ni hoja yenye nguvu. Ungeanza nayo.

#30 Ole_wa_Simanjiro

Nimesoma wote. Mimi nimechunga tangu utoto. Mtoto wa miaka saba anapelekwa na ndama na mbwa, siku nzima haoni mtu. Mbwa kwetu hatumwiti mwenzi, ni wa kazi. Anabweka fisi akikaribia. Lakini ukimuuliza mchungaji yeyote jina la mbwa wake wa kwanza, atakutajia, hata kama amesahau jina la mwalimu wake.

Tulipokuwa malishoni tulitembea kutwa, na salamu hazikuwepo, na upweke haukuwepo. Nikaja Dar kwa kazi, nikakaa kwenye watu wengi, ndipo nikaujua upweke. Kwa hiyo mimi nasema si salamu. Ni kuwa na kiumbe ambaye mnafanya naye kazi moja, mnatazama upande mmoja. Mlinzi wa #19 anaelewa ninachosema.

#31 Mlinzi_wa_Zamu

Naelewa kabisa, kaka.

#32 Nyambura_Ruiru

Wa Simanjiro, nimeisoma mara mbili.

Nataka kuongeza jambo ambalo linaniuma. Julai 2020 njia zilipofunguliwa, jirani alirudi kumchukua mbwa wake. Ilikuwa haki yake. Nilikaa wiki nzima nikisikia kucha zake sakafuni. Upweke uliokuja baada ya hapo ulikuwa mkubwa kuliko wa Aprili. Watu wanaosema chukua mbwa uondoe upweke, wafikirie na siku mbwa atakapoondoka. Mbwa anaishi miaka kumi na kitu. Wewe unaishi zaidi.

#33 Paka_wa_Lamu

Pole sana dada.

#34 Baba_Levina

Na upande wa mbwa wenyewe je? Uingereza mwaka ule bei ya watoto wa mbwa ilipanda vibaya mno, kila mtu anataka. Watu waliporudi ofisini, mbwa waliozaliwa wakati wa korona hawajawahi kubaki peke yao, wanalia kutwa, wanatafuna milango. Vituo vya kulea mbwa walioachwa vikajaa. Tulimtoa binadamu kwenye upweke tukamweka mbwa.

#35 Dada_wa_Njiro

Hilo nimeliona hata Arusha. Waliokuwa wageni wa mashirika wakaondoka, mbwa wakaachiwa wafanyakazi wa ndani, na wafanyakazi nao hawana pa kuwaweka. Mmoja alizunguka geti la nyumba ileile mpaka mvua za vuli.

#36 Mwana_Kibosho

Wakuu, samahani naingiza shida yangu, maana naona wataalamu mmo humu. Mzee wangu yuko Kibosho, Moshi. Mama alifariki mwaka juzi. Watoto wote tuko mbali. Mzee ana afya, ila siku hizi haendi hata mtaa wa pili, na kwenye simu anajibu neno moja moja. Nilitaka nimpelekee mtoto wa mbwa mzuri, nimeona anauzwa Dar. Baada ya kusoma uzi huu sijui tena. Mnashaurije?

#37 AfisaMifugo_Iringa

Pole kwa msiba. Usimpelekee mtoto wa mbwa. Mtoto wa mbwa anataka kulishwa mara tatu nne kwa siku, anakojoa ndani, anamwangusha mzee miguuni. Tafuta mbwa mkubwa kidogo, miaka miwili mitatu, wa kienyeji, mpole, aliyezoea watu. Mbwa wa kienyeji anahimili maradhi ya huku, anakula ugali na dagaa, hana gharama za yule wa Dar. Achanjwe kwanza, apewe dawa ya minyoo. Na muulize mzee kama anamtaka. Mbwa wa kulazimishiwa anaishia mnyororoni.

#38 Mtakwimu_Mstaafu

Na wewe nenda. Hata kwa wikiendi. Mbwa asiwe mbadala wa mwana.

#39 Dada_wa_Njiro

Mzee amepiga msumari. Ila na mbwa apelekwe.

#40 Mashimango_Melb

Ndugu Kibosho, tafuta na mzee mwenzake mwenye mbwa au mwenye shughuli ya kupita pale kila siku. Hapa Melbourne walionisaidia mimi walikuwa wawili, mbwa wa jirani na jirani mwenyewe, na hadi leo sijui nimshukuru nani zaidi.

#41 Mwana_Kibosho

Nimempigia mzee sasa hivi, nikamuuliza. Anasema mbwa anamtaka, ila hatatembea naye njiani, watu watashangaa mzee mzima anatembeza mbwa kama anampeleka mnadani. Anataka akae naye kibarazani, na jina ameshachagua.

#42 Paka_wa_Lamu

Mzee ameongea sentensi ngapi hapo? Zaidi ya neno moja moja!

#43 Nyambura_Ruiru

KijanaWaKilwa, haya sasa. Mbwa yupo, matembezi hakuna. Utasema nini mzee akichangamka?

#44 KijanaWaKilwa

Nitauliza kibaraza kimeelekea wapi. Kikiwa kando ya njia ya kwenda sokoni, watu watasimama kumuuliza mbwa anaitwa nani, na hapo nitasema bado ni salamu.

#45 Mwana_Kibosho

Kibaraza kimeelekea mgombani. Njia iko nyuma ya nyumba.

#46 Ole_wa_Simanjiro

Basi huyo mzee ndiye atakayetujibu. Mwana Kibosho, mbwa akifika turudishie taarifa humu humu, usifungue uzi mpya.